Kupanda Chyulu: Mlima wa mawe hauulizi cheo

Siku hizi wakazi wengi wa mijini wameingiwa na hamu ya kupanda milima. Majirani wa mtaa mmoja, wanachama wa chama cha akiba, vijana wa kanisa au wafanyakazi wa ofisi moja huchanga pesa, wakakodi matatu na kuondoka alfajiri ya Jumamosi. Jioni hurudi na vumbi viatuni na picha nyingi. Mimi kama daktari naufurahia mtindo huu. Kwa miaka mingi tumewaambia wagonjwa wetu wa shinikizo la damu, kisukari na unene wa kupita kiasi kwamba dawa pekee hazitoshi, lazima mwili utumike. Sasa wanatusikia.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kutembea barabarani jioni na kupanda njia ya mawe, tena mahali pengine ukitumia mikono pamoja na miguu. Katika somo la leo tutachukua mfano wa Milima ya Chyulu, upande wa Kibwezi katika kaunti ya Makueni. Tutaeleza mambo ambayo msomaji anapaswa kuyajua kabla ya kufunga kamba za viatu.

MLIMA WENYEWE

Kibwezi iko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, na tangu mwaka 2017 reli mpya ya SGR ina kituo huko. Mji wenyewe uko kwenye nchi ya joto, karibu mita 900 juu ya bahari. Magharibi yake ndipo inapoonekana safu ya Chyulu. Kilele chake kirefu zaidi kina mita 2,188. Ukiwa juu, na hali ya hewa ikiwa njema, unaiona Kilimanjaro upande mmoja na tambarare za Tsavo upande mwingine.

Hii ni milima ya volkano, tena ya umri mdogo. Baadhi ya vilima vyake vililipuka katika karne ya 19. Ndiyo sababu katika sehemu nyingi hukanyagi udongo, bali unakanyaga mawe meusi yenye matundu na makali kama chupa iliyovunjika. Mawe haya hushika joto la jua na kulirudisha usoni kwa mpandaji. Mengine hayakushikana, hivyo huyumba yakikanyagwa.

Jambo la pili ni la ajabu kidogo. Milima hii hupata mvua na ukungu, lakini juu yake huoni mto wala kijito. Maji yote huzama ndani ya mawe na kutokea mbali chini, kama pale chemchemi za Mzima, ambako mji wa Mombasa umekuwa ukipata sehemu ya maji yake tangu miaka ya 1950. Kwa hivyo mtu anaweza kufa kiu akiwa amesimama juu ya maji yanayonyweka Mombasa. Maji utakayoyatumia ni yale uliyoyabeba mgongoni.

Sehemu ya milima hii ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1983, na ina nyati, ndovu na chui. Usiingie kiholela. Pitia kwa Shirika la Wanyamapori (KWS), na uandamane na askari au kiongozi anayeijua njia.

KISA AMBACHO SITAKISAHAU

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Februari, nilipanda Chyulu pamoja na majirani zangu. Tulikuwa watu 11. Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja wa miaka 58 ambaye nimekuwa nikimtibu shinikizo la damu kwa muda mrefu. Ameniruhusu nikisimulie kisa hiki bila kumtaja jina. Kila alipokuja kliniki nilimwambia neno lile lile: "Mzee, tembea, mwili ufunguke." Aliposikia habari ya safari alikuwa wa kwanza kulipa.

Tulichelewa njiani. Badala ya kuanza kupanda saa kumi na mbili asubuhi, tulianza saa nne unusu. Jua lilikuwa limeshawaka. Vijana walitangulia, nasi tukawafuata kwa haraka ili tusiachwe. Karibu na juu, sote tulikimbilia ukingoni kutazama Kilimanjaro kabla mawingu hayajaifunika, nami nilikuwa miongoni mwa waliokimbia.

Kijana wa Kibwezi aliyekuwa akituongoza alikuwa amebaki nyuma na mzee. Akaja akanigusa bega. "Daktari," akasema kwa sauti ya chini, "nimemuuliza mzee kama amechoka. Amenijibu kwamba gari la shule limeshapita."

Nilirudi mbio. Mzee alikuwa ameketi juu ya jiwe, macho yameduwaa, ngozi inawaka kama sufuria. Hakunitambua. Tulimvuta kivulini, tukamvua shati na viatu, tukammwagia maji na kumpepea kwa kofia zetu. Baada ya nusu saa hivi aliniita kwa jina. Tulimteremsha pole pole hadi garini na kumpeleka hospitali, akalazwa usiku mmoja na kutiwa maji kwa mshipa.

Nilipofungua mkoba wake nilikuta chupa zake mbili za maji zimejaa. Hakuwa amekunywa hata moja. Kesho yake nilimuuliza sababu, akajibu kwa haya: "Daktari, ile dawa yako hunipeleka haja ndogo kila saa. Kule hakuna choo, na tulikuwa na akina mama. Nikaona heri nisinywe."

Dawa hiyo niliiandika mimi mwenyewe. Ilikuwa ya aina inayopunguza maji mwilini kwa kuongeza mkojo. Nilimjua mzee huyu, niliijua dawa yake, na nilijua tunakwenda kwenye jua la Februari. Hata hivyo sikumuuliza swali hata moja kabla ya kuondoka. Somo hili naliandika kwa sababu hiyo.

NANI AMWONE DAKTARI KWANZA?

Si kila mtu anahitaji cheti cha daktari ili apande kilima. Lakini wafuatao wasiondoke kabla ya kuzungumza na daktari wao:

1. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata anapofanya kazi ya nguvu.
2. Mwenye shinikizo la damu ambalo halijatulia, au anayetumia dawa ya kuongeza mkojo.
3. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi. Misuli ikifanya kazi kwa saa nyingi hula sukari, na sukari inaweza kushuka ghafla akiwa kati ya mawe.
4. Mwenye pumu inayomsumbua usiku, au anayetumia kivuta pumzi cha dharura mara kwa mara.
5. Mwenye ugonjwa wa selimundu, mama mjamzito, na mwenye magoti yanayovimba.

Kumwona daktari si lazima kuwe ni kukatazwa. Mara nyingi ni kubadilisha saa ya kumeza dawa au kipimo chake kwa siku ile. Tahadhari: usiache dawa yako kwa uamuzi wako mwenyewe eti kwa sababu unapanda mlima.

Kuna kipimo rahisi ambacho kila mtu anaweza kujifanyia. Panda ngazi za ghorofa nne kwa mwendo wa kawaida bila kusimama. Ukifika juu, jaribu kutamka sentensi nzima. Ukiweza, mwanzo ni mzuri. Ukilazimika kusimama njiani, au kifua kikibana, mwili wako haujawa tayari kwa Chyulu.

Watu wengi huniuliza kuhusu ugonjwa wa milimani, ule wa kuumwa na kichwa na kutapika kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa kawaida ugonjwa huo huanza mtu apitapo mita 2,500. Chyulu haifiki hapo. Ukiumwa na kichwa huko, fikiria kwanza joto na upungufu wa maji.

MAZOEZI KABLA YA SAFARI

Jipe wiki sita. Anza kwa kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Wiki ya tatu ongeza ngazi, kupanda na kushuka. Mwishoni mwa wiki fanya matembezi marefu ya saa mbili au tatu. Mkazi wa Nairobi ana msitu wa Karura na vilima vya Ngong. Vaa viatu vile vile utakavyovaa safarini. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge ya hakika.

Nimetaja kushuka kwa makusudi. Wengi hudhani kazi iko katika kupanda, kumbe kupanda huchosha moyo na mapafu, na kushuka huumiza misuli ya mapaja na magoti. Unaposhuka, msuli wa paja hujinyoosha huku ukivuta, kazi ambayo huuchana nyuzi ndogo ndogo. Ndiyo maana maumivu makali huja kesho yake au kesho kutwa. Msuli uliozoezwa kushuka ngazi hauumii hivyo. Isitoshe, ajali nyingi hutokea wakati wa kurudi, miguu inapotetemeka na watu wanapowaza chakula.

MAJI NA JOTO

Beba angalau lita tatu kwa safari ya saa tano au sita. Kunywa kidogo kidogo, takriban nusu lita kwa saa, na zaidi kidogo jua likiwa kali. Angalia mkojo wako: ukiwa na rangi ya nyasi kavu, uko salama, ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa. Lakini usijilazimishe kubugia lita baada ya lita za maji matupu. Jasho hutoka na chumvi, na maji mengi bila chumvi yanaweza kuudhuru ubongo. Kula chakula chenye chumvi kidogo, au beba maji ya chumvi na sukari kama yale ya kutibu kuharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Anza kupanda kunapopambazuka, na uwe umeshaanza kushuka kabla ya saa sita. Vaa kofia pana na shati jepesi la mikono mirefu. Juu kuna upepo, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa takriban nyuzi sita, kwa hivyo beba sweta.

Ni muhimu ifahamike kwamba madhara ya joto yana ngazi mbili. Ya kwanza ni uchovu wa joto: kichwa kinauma, moyo unadunda, kichefuchefu, miguu inakaza. Mtu huyu bado anajibu maswali vizuri. Mpeleke kivulini, mlaze, mwinue miguu na mpe maji yenye chumvi na sukari.

Ngazi ya pili ni kiharusi cha joto, na hiki huua. Joto la mwili hupita nyuzi 40 na ubongo huanza kuchanganyikiwa. Mtu hujibu asichoulizwa, huyumba kama mlevi, huwa mkali bila sababu, huanguka au kupata degedege. Wengine hufundishwa kwamba jasho hukauka kwanza. Usilingoje likauke, kwa sababu aliyekuwa akifanya kazi ya nguvu anaweza kuwa bado anatiririka jasho. Alama kubwa ni kuchanganyikiwa. Mpoze papo hapo: mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kukoma. Poza kwanza, safirisha baadaye. Usimnyweshe asiyejifahamu, na usipoteze wakati kwa parasetamoli, maana haitibu joto la namna hii.

Aidha, jihadhari na vidonge vya maumivu vya jamii ya ibuprofeni na diklofenaki. Mtu aliyeishiwa maji akivimeza anaweza kuumiza figo.

MIKONO NA MIGUU KWENYE MAWE

Njia inapokuwa kali hadi unahitaji mikono, fuata kanuni ya viungo vitatu. Kati ya mikono miwili na miguu miwili, vitatu viwe vimeshika daima, kimoja tu ndicho kitembee. Lijaribu jiwe kabla ya kulipa uzito wako. Usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika, kwa sababu nyoka na nge hupenda nyufa. Usipite moja kwa moja chini ya mwenzako anayepanda, na jiwe likiteleza piga kelele ili walio chini wajue. Wakati wa kushuka, piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, na tumia fimbo.

Kuteguka kifundo. Pumzisha mguu, ufunge kwa bandeji isiyobana sana, uinue, na ukipata barafu ifunge kwa kitambaa uweke kwa dakika 15 hadi 20. Usiuchue kwa siku mbili za kwanza, maana kuchua huzidisha uvimbe. Kuna njia ya kujua kama inafaa kupigwa picha ya eksirei: ikiwa mtu hawezi kupiga hatua nne, au anaumia ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo upande wa nyuma, apelekwe hospitali.

Kuanguka kwa kiganja. Ukiangukia mkono, kisha ukaumwa kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, usipuuze. Hapo kuna mfupa mdogo ambao ukivunjika picha ya kwanza inaweza isionyeshe kitu. Rudi ukapimwe tena baada ya siku 10 hadi 14.

Kukatwa na mawe. Osha kidonda kwa maji mengi safi hadi chembe zote zitoke. Usitie udongo, majani wala mafuta ya taa. Kisha ujiulize: mara ya mwisho nilichanjwa lini dhidi ya pepopunda? Akina mama huchanjwa kliniki wakati wa ujauzito. Wanaume wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni.

Kuumwa na nyoka. Ukambani wapo kifutu, koboko na swila anayetema sumu. Mwondoe mgonjwa hapo, mtulize, mvue pete na saa, kifunge kiungo kilichoumwa kwa ubao au fimbo kisisogee, na mbebeni hadi hospitali bila kuchelewa. Msichanje kwa wembe, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu, na msikalie jiwe jeusi huku saa zikienda. Sumu ya swila ikiingia machoni, yaoshe kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi kisha uende hospitali.

BAADA YA KURUDI

Maumivu ya misuli ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Lakini mkojo ukigeuka kuwa mweusi kama soda ya kola, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani ni dalili kwamba misuli imeharibika na figo ziko hatarini.

Kumbuka pia malaria. Wamisheni wa Kiskoti waliofungua kituo Kibwezi mwaka 1891 walisumbuliwa sana na homa, na mwaka 1898 wakahamia Kikuyu, kwenye baridi. Mkazi wa Nairobi ambaye amelala nchi ya chini hana kinga kama ya mwenyeji. Lala ndani ya chandarua. Ukipata homa wiki moja hadi nne baada ya safari, pimwa damu na umweleze daktari ulikokuwa.

MASWALI YA KIONGOZI WA KUNDI

Kata sehemu hii uihifadhi. Kabla ya kupanda, kila mtu aulizwe faraghani:

1. Unatumia dawa gani, na umeimeza leo?
2. Umebeba maji kiasi gani, na kuna lolote litakalokuzuia kuyanywa?
3. Umekula?
4. Nani kati yetu atatembea nyuma ya wote, asimwache mtu?

Swali la pili ndilo ambalo sikumuuliza mzee wangu. Baada ya safari ile nilimbadilishia dawa, naye akafanya mazoezi ya ngazi miezi minne. Juni tulirudi Chyulu. Tulianza kunapopambazuka, na mwendo wa kundi ukawa mwendo wake. Kila saa tulisimama dakika kumi, akina mama upande huu wa kichaka na wanaume upande ule, pasipo mtu kulazimika kuomba. Kule juu mlima ulikuwa wazi, theluji yote inaonekana. Mzee aliutazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Tuliporudi garini aliniita, akapindua chupa zake mbili mbele yangu. Hakuna hata tone lililodondoka.